Neno la Kiingereza "Involved": Maana Yake na Jinsi ya Kulifasiri

Yako maneno ya Kiingereza ambayo huonekana mepesi, kumbe yamebeba mzigo mkubwa. Mojawapo ni neno "involved". Mtu wa Meru au wa Embu hulikuta mahali pengi: katika barua za ofisi, katika kumbukumbu za mikutano ya chama cha ushirika, katika maelezo yaandikwayo kituo cha polisi, katika magazeti, na katika vitabu vya historia wasomavyo watoto shuleni. Wengi wakiliona hulifasiri kwa neno moja tu, "kuhusika", kisha wakaendelea mbele. Mara nyingine kufanya hivyo hakuna madhara. Lakini mara nyingine kwaweza kumfanya mtu asiye na hatia aonekane mwenye hatia, au mtu aliyelazimishwa aonekane kuwa alipenda mwenyewe.

Kwa sababu hiyo yafaa neno hili litazamwe kwa makini. Somo hili litaeleza asili yake, njia zake za kutumika, maneno yaliyo ndugu zake, na mwisho swali moja ambalo kila alifasiriye hana budi kuliuliza.

ASILI YA NENO

Neno "involved" latoka katika lugha ya Kilatini, katika tendo "involvere". Tendo hilo lina sehemu mbili: "in", yaani ndani, na "volvere", yaani kuzungusha au kuvingirisha. Basi maana yake ya kwanza ilikuwa kuvingirisha kitu ndani ya kitu kingine hata kikafunikwa.

Shina hilo "volvere" limezaa maneno mengine ambayo wasomaji wengi wamekwisha kuyasikia. Bastola ya namna moja huitwa kwa Kiingereza "revolver", kwa kuwa sehemu yake ishikayo risasi huzunguka. Kitabu kikubwa, au sehemu moja ya kitabu chenye sehemu nyingi, huitwa "volume", kwa kuwa vitabu vya zamani havikuwa na kurasa zilizoshonwa pamoja kama vya leo, bali vilikuwa vipande virefu vilivyovingirishwa kama mkeka.

Watu wa Igembe na Tigania hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa maana hiyo ya kwanza. Miraa ikisha kuchumwa, vijiti vyake hufungwa pamoja, kisha vitita huvingirishwa katika majani ya mgomba ili miraa isikauke njiani. Kijiti kilicho katikati hakionekani kwa nje. Kimeshikwa na wenzake pande zote, wala hakiwezi kutoka mpaka kitita kifunguliwe. Hiyo ndiyo picha iliyomo ndani ya neno "involved": kitu kilichofungwa pamoja na vingine, kikafunikwa navyo.

Lakini mtu si kijiti. Kijiti hakikujifunga chenyewe. Kilifungwa na mkono wa mtu. Mtu aweza kufungwa na wengine, na aweza pia kujifunga mwenyewe. Tofauti hiyo ndiyo mzizi wa somo hili, nayo itarudiwa hapa chini.

NJIA ZA KULITUMIA

Neno hili hutumika kwa njia nne zilizo kubwa.

Njia ya kwanza ni pamoja na neno dogo "in". Hapo mtu anahusika na jambo au kazi. Mfano: "Many families in Embu are involved in growing coffee." Maana yake ni kwamba jamaa nyingi katika Embu hushughulika na kilimo cha kahawa. Sentensi hii haina lawama yoyote. Ilikuwa katika miaka ya 1930 Waafrika wa Meru, Embu na Kisii walipoanza kuruhusiwa kupanda kahawa, ambayo hapo kwanza ilikuwa mali ya walowezi, na tangu hapo kazi hiyo imeenea vilimani. Hapa neno zuri la Kiswahili ni "kushughulika" au "kushiriki".

Njia ya pili ni pamoja na neno dogo "with". Hapo mara nyingi mtu anahusika na watu, au na kundi la watu. Mfano: "She is involved with the women's group." Yaani, mama huyo hushirikiana na kikundi cha wanawake. Lakini msomaji na aangalie: ikisemwa juu ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, "He is involved with her", Waingereza wengi wataelewa kwamba wawili hao wana mapenzi. Karani atakaye kusema tu kwamba watu wawili hufanya kazi pamoja ni afadhali aandike "He works with her", asije akaleta fitina nyumbani mwa watu.

Njia ya tatu ni pale ambapo kazi yenyewe ndiyo itendayo, si mtu. Mfano: "The work involves walking to the river every day." Maana yake ni kwamba kazi hiyo ina ndani yake safari ya kwenda mtoni kila siku, asiyeweza kutembea asiitake. Hapa Kiswahili husema kazi "yataka" au "yadai" jambo fulani.

Njia ya nne ni pale neno hili linapowekwa kuwa sifa ya jina. Mahali pake hubadili maana. "An involved letter" ni barua iliyotatanika, ambayo mwanzo na mwisho wake haujulikani, kama uzi uliochezewa na paka. Bali "the people involved", neno likiwa nyuma ya jina, ni watu wanaohusika na jambo linalosemwa. Na siku hizi husemwa pia "an involved father", yaani baba ambaye hakuwaachia wengine malezi ya watoto wake, bali hujishughulisha nayo.

Waingereza wakitaka kuonyesha kwamba mtu ameingia sana katika jambo, huongeza neno "deeply", maana yake kwa kina. Kwa "deeply involved" Kiswahili kina maneno mawili yanayofaa, wala hayafanani. La kwanza ni "kuzama", ambalo pwani hutumika kwa chombo au kwa mtu aendaye chini ya maji. Mtu aweza kuzama katika mambo mema, kama masomo au sala, na aweza kuzama katika mabaya. La pili ni "kutopea", ambalo latoka katika neno tope. Kila aliyesafiri wakati wa masika katika njia ya udongo mwekundu amepata kuona gari lililotopea: kadiri magurudumu yanavyozunguka ndivyo linavyozidi kwenda chini. Mtu hasemwi kuwa ametopea katika sala; hutopea katika ulevi, deni au ugomvi. Kwa hiyo afasiriye "deeply involved" kwanza na atazame kama jambo lenyewe ni maji au ni tope.

NDUGU ZA NENO HILI

Kiingereza kina maneno mengine yaliyo karibu na "involved", nayo hayapaswi kuchanganywa.

"Immersed" ni kuzamishwa. Makanisa mengine hubatiza kwa kumzamisha mtu mzima katika maji, na tendo hilo huitwa hivyo. Kwa mfano wa hapo, mwanafunzi aliyekaza macho na akili yake yote katika vitabu husemwa kuwa "immersed in his books". Neno hili halina lawama.

"Engrossed" ni kutekwa akili na jambo kwa kitambo. Mtu akisoma gazeti hata asisikie anapoitwa kula, yu "engrossed". Akiliweka gazeti chini, hali hiyo imekwisha.

"Committed" lina uzito zaidi. Latoka katika Kilatini "mittere", maana yake kutuma au kupeleka, na neno "misioni" limetoka katika shina hilo hilo. Mtu aliye "committed" amejitoa. Ametoa ahadi, wala hategemewi kurudi nyuma. Wahenga walisema: Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Lakini neno hili lina upande wa mahakamani pia. "He committed theft" maana yake alitenda wizi, na "He was committed to prison" maana yake alipelekwa gerezani. Hivyo neno moja laweza kumsifu mzee wa kanisa na kumhukumu mwizi. Msomaji hulijua kwa maneno yanayolifuata.

"Implicated" latoka katika tendo la Kilatini lenye maana ya kukunja. Mtu aliye "implicated" amekunjwa pamoja na uovu. Jina lake limetajwa. Neno hili halitumiki kwa mambo mema. Halisemi kwamba hatia imekwisha kuthibitishwa, lakini huacha doa. Mchezea tope humrukia, na mara nyingine humrukia hata aliyepita tu karibu.

"Embroiled" ni kuzongwa na ugomvi au mashtaka. Jamaa mbili zenye kesi ya mpaka wa shamba iliyochukua miaka mingi husemwa kuwa "embroiled in a land case".

Sasa neno "involved" limekaa katikati ya ndugu hao wote. Laweza kumaanisha kushiriki kwa wema, kama mwanachama mwaminifu, na laweza kumaanisha kuguswa na uovu, kama mshtakiwa. Lenyewe halichagui. Ndiyo maana makarani wengi hulipenda, na ndiyo maana msomaji hana budi kulichunguza.

SWALI AMBALO KIINGEREZA HAKIULIZI

Mwingereza akisema "He was involved", hakusema kama mtu huyo aliingia mwenyewe, au aliingizwa, au alikutwa tu mahali pale. Yote matatu yamefunikwa na neno moja, kama vijiti ndani ya majani ya mgomba.

Kiswahili hakifuniki hivyo kwa urahisi. Tendo la Kiswahili hubadilika mwanzo wake na mwisho wake, na kila badiliko lina habari yake. Na tutazame tendo "kuingia". "Aliingia" ni habari tupu: alikuwa nje, akawa ndani. "Aliingizwa" yatuambia kwamba kulikuwa na mkono wa mtu mwingine. "Alijiingiza" yatuambia kwamba mkono ulikuwa wake mwenyewe. Kadhalika "alishiriki" si sawa na "alishirikishwa". Na "alihusika", "alihusishwa" na "alijihusisha" ni habari tatu mbalimbali. Aliyehusishwa huenda hakufanya lolote. Watu ndio waliomtaja.

Kwa hiyo afasiriye "involved" kwa Kiswahili hulazimika kuuliza: Ni mkono wa nani uliomtia mtu huyu katika jambo hili? Mifano miwili ya historia ya Embu na Meru itaonyesha kwamba swali hilo si mchezo wa sarufi.

MFANO WA MWEA

Watu wengi wameonja mchele wa Mwea. Mashamba yale hunyweshwa maji ya mito ya Thiba na Nyamindi kwa mifereji iliyochimbwa. Kazi hiyo ilianza mwaka 1954, katika siku za Hali ya Hatari iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba, 1952. Wakati huo Mwea ilikuwa ndani ya Wilaya ya Embu. Kirinyaga ilitengwa kuwa wilaya yake mwaka 1963.

Mtu aweza kuandika juu ya kazi hiyo sentensi kama hii: "Detainees were involved in building the Mwea scheme." Kwa Kiingereza sentensi hiyo ni sahihi. Sasa na ifasiriwe.

Mfasiri wa kwanza ataandika: "Watu wa kizuizini walishiriki katika kujenga mashamba ya Mwea." Asomaye atadhani kwamba walijitolea, kama watu wanaokuja kumsaidia jirani kujenga nyumba.

Mfasiri wa pili ataandika: "Watu wa kizuizini walihusika katika kujenga mashamba ya Mwea." Hapo msomaji hajui lolote.

Mfasiri wa tatu ataandika: "Watu wa kizuizini walifanyizwa kazi ya kujenga mashamba ya Mwea." Huyu ndiye aliyesema kweli. Watu wale walikuwa wamefungwa katika kambi, na aliyefungwa kambini hana nafasi ya kuchagua kazi.

Tofauti ya wafasiri hao watatu ni tendo moja tu, lakini mjukuu wa mtu aliyechimba mifereji ile akisoma sentensi ya kwanza atajifunza habari isiyo kweli juu ya babu yake. Wahenga walisema: Ukiona vyaelea, vimeundwa. Yafaa kuongeza swali: vimeundwa na nani, na kwa hiari ya nani?

Swali hilo hilo lilifika hata London. Wazee wa Kenya walioteswa katika siku za Hali ya Hatari waliishtaki Serikali ya Uingereza katika Mahakama Kuu ya huko mwaka 2009. Miongoni mwao alikuwamo mama aliyekuwa ameteswa katika kambi ya Wilaya ya Embu ya siku zile. Serikali ya Uingereza ilijitetea kwamba mambo ya Serikali ya Koloni hayakuwa juu yake. Yaani, shauri kubwa lilikuwa hili: je, London nayo ilikuwa "involved", na kama ndivyo, kwa kiasi gani? Mwezi wa Julai, 2011, Jaji McCombe aliamua kwamba madai hayo yalistahili kusikilizwa. Tarehe 6 Juni, 2013, Serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya watu 5,228 pamoja na gharama za kesi. Neno moja laweza kukaa mahakamani miaka mingi.

MFANO WA NGAITANA

Mfano wa pili watoka Meru. Mwaka 1956 baraza la wazee la Njuri Ncheke lilitoa amri ya kukataza tohara ya wasichana katika wilaya nzima. Amri ilitoka kwa jina la wazee, lakini maofisa wa Serikali ya wilaya walikuwamo katika shauri hilo. Habari ilipoenea, wasichana wengi walikataa kutii. Wao kwa wao, pasipo mtahiri wa desturi, walitiana tohara kwa siri. Wakaitwa kwa jina la Kimeru "Ngaitana", maana yake "Nitajitahiri mwenyewe".

Msomaji ajuaye Kimeru ataona mara moja kwamba jina hilo lina ndani yake kile ambacho Kiswahili husema kwa "ji". Mtendaji na mtendewa ni mtu mmoja. Wasichana wale walijibu swali la somo hili kabla ya kuulizwa: hatukuingizwa, tumejiingiza wenyewe.

Lakini mahakama haikutosheka na jibu hilo. Katika miaka mitatu iliyofuata zaidi ya watu 2,400, wasichana pamoja na wanaume na wanawake, walishtakiwa katika Mahakama za Kiafrika za Meru kwa kuvunja amri ile. Baba aliulizwa kama alijua. Mama aliulizwa kama alisaidia. Kila mmoja alikuwa "involved" machoni pa sheria, ingawa mmoja alitenda, mwingine aliruhusu, na mwingine huenda alipata habari jambo lilipokwisha.

Mfano huu una fundisho la pande mbili. Kwanza, "ji" ni herufi mbili tu, lakini zaweza kuhamisha lawama yote kutoka kwa wazee hata kwa mtoto. Pili, si kila ajitajaye kuwa alijiingiza alikuwa peke yake. Msichana aliyekua akisikia kwamba asiyetahiriwa hataolewa wala hataheshimiwa alisukumwa na mikono mingi asiyoiona. Leo tohara ya wasichana imekatazwa kwa sheria ya nchi nzima ya mwaka 2011, na sheria hiyo humwadhibu atendaye pamoja na amsaidiaye. Anayetaka kusema kweli juu ya jambo kama hilo asitosheke na neno moja linalowafunika wote. Na aandike nani alitenda, nani alisaidia, nani aliruhusu, na nani alinyamaza.

KATIKA MAMBO YA KILA SIKU

Msomaji aweza kusema kwamba yeye si mwandishi wa historia. Hata hivyo neno hili litamfikia.

Katika kitabu cha kumbukumbu cha chama cha ushirika huenda likaandikwa: "The clerk was involved in the matter of the missing money." Sentensi hiyo yaweza kumaanisha kwamba karani aliiba fedha. Yaweza kumaanisha kwamba karani ndiye aliyegundua upungufu na kuwaambia wenzake. Mwaka ukipita na wajumbe wakibadilika, atakayesoma hatajua. Afadhali iandikwe wazi: "The clerk discovered that money was missing", yaani karani aligundua kwamba fedha zimepungua.

Katika kituo cha polisi mtu aliyeingia kati kuwaamua wapiganaji huenda akaandikiwa: "I was involved in a fight." Akitia sahihi, amekiri kupigana. Neno lililomfaa ni hili: "I tried to stop a fight."

Kwa ajili hiyo mtu asitie sahihi wala alama ya kidole katika maneno asiyoyajua. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imefanya Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Nayo yasema kwamba mtu akamatwaye ana haki ya kuelezwa upesi, katika lugha anayoifahamu, sababu ya kukamatwa kwake. Na kwamba mshtakiwa asiyeifahamu lugha ya mahakama ana haki ya kupewa mkalimani bila malipo. Haki hizo ni za kila mtu, aliyesoma na asiyesoma. Anayejua kwamba "involved" lina maana nyingi ataweza kumwambia mwandishi kwa adabu: "Bwana, tafadhali andika nilichofanya."

MAZOEZI

Msomaji na afasiri sentensi hizi kwa Kiswahili kabla ya kutazama majibu.

1. The chief is deeply involved in the building of the school.
2. Two lorries were involved in the accident near Chuka.
3. The treasurer was implicated in the theft.
4. This job involves working at night.
5. The boy was involved in the strike.

MAJIBU

1. Chifu amejitoa sana katika kazi ya kujenga shule. Jambo ni jema, kwa hiyo neno "kutopea" halifai hapa.

2. Malori mawili yalipatikana na ajali karibu na Chuka. Sentensi haisemi ni lori gani lililokuwa na makosa, wala mfasiri asiongeze.

3. Mweka hazina alitajwa kuwa na mkono katika wizi. Isifasiriwe "aliiba", kwa sababu hatia haijathibitishwa.

4. Kazi hii yataka mtu afanye kazi usiku.

5. Sentensi hii haiwezi kufasiriwa vizuri mpaka habari zaidi zipatikane. Kijana aliongoza mgomo? Aliufuata? Alilazimishwa na wenzake kutoka darasani? Mwalimu anayeandika barua kwa mzazi na aseme ni lipi kati ya hayo. Mzazi akipokea barua yenye neno "involved" peke yake, ana haki ya kwenda shuleni na kuuliza kabla ya kumpiga au kumlaumu mtoto.

Jibu la tano ndilo kubwa kupita yote. Mfasiri mwema hajazi pengo kwa kubahatisha, wala hafuniki pengo kwa neno pana. Hurudi kwa mwenye habari akauliza: Aliingia, aliingizwa, au alijiingiza? Akisha kujibiwa, na aandike hivyo.